Nyasi ya Asili Bustanini: Mbona Inakauka Katikati?

SWALI: Mhariri, nilipanda mbele ya nyumba nyasi ya mbugani iitwayo Themeda triandra, ambayo mashuke yake ya rangi ya kutu yanapendeza sana. Ilianza vizuri, lakini sasa kila shina limejaa majani makavu ya kijivu katikati na mashuke yamepungua, ingawa ninaitia samadi na kuimwagilia mara kwa mara. Je, ni ugonjwa? Aidha, nilisia mbegu zake mara tu baada ya kuzivuna, nazo hazikuota.

JIBU: Dalili ulizozieleza si za ugonjwa, bali ni za nyasi isiyokatwa. Mbugani, Themeda huliwa na wanyama au huunguzwa na moto, na ikikosa yote mawili majani yake makuukuu hulundikana hadi machipukizi, ambayo hayavumilii kivuli, yanakosa mwanga na kufa. Kwa kuwa uani si mahali pa kuwasha moto, tumia mundu: kabla ya msimu wake wa kukua kuanza, fyeka kila shina libaki na kimo cha sentimita 10 hivi, kisha ondoa majani yote uliyokata, maana ukiyaacha juu ya shina yatarudisha kivuli kilekile. Kazi hiyo irudiwe kila mwaka, au mara moja kila miaka miwili ikiwa nyasi inakua polepole.

Samadi iache kabisa. Nyasi hii imezoea udongo usio na rutuba nyingi, na naitrojeni, kirutubisho kilichomo kwenye samadi, ikizidi wanaonufaika ni magugu. Maji nayo yanahitajika zaidi wakati miche bado inashika mizizi. Baadaye jua la kutwa nzima lina faida kubwa kuliko ndoo yako.

Kuhusu mbegu, ulifanya haraka. Mbegu mbichi za Themeda hulala kwa miezi kadhaa, pengine hadi mwaka mzima, na vishuke vingi huwa vitupu, hivyo hifadhi nyingi mahali pakavu. Kuzifukiza moshi kabla ya kuzisia husaidia kuziamsha. Usiukate ule unywele mrefu mweusi uliojisokota kwenye kila mbegu: hujizungusha unyevu unapobadilika, nao ndio unaoisukuma mbegu udongoni. (Uloweshe kidogo kiganjani, utauona ukijinyonga.) Zisie juujuu kwenye udongo uliokwisha kupaliliwa, kwa sababu miche yake michanga hushindwa upesi na magugu.