Maswali ya Wasomaji: Je, Yonathani Alimsaliti Baba Yake?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Katika jumuiya yetu tunasoma Kitabu cha Kwanza cha Samweli, na juma lililopita tulibishana hadi saa tatu usiku. Mzee mmoja alisema kwamba Yonathani mwana wa mfalme Sauli alikuwa msaliti, kwa kuwa alijua alikojificha Daudi, ambaye Sauli alitaka kumwua, asimwambie baba yake, ilhali amri yasema waheshimu baba yako na mama yako. Akamalizia kwa methali, kikulacho ki nguoni mwako. Wengine tuliona anamwonea Yonathani, lakini jibu hatukuwa nalo. (Msomaji wa kike, Dodoma)

JIBU: Dada yangu, mzee wenu hakuzua jambo. Aliyekuwa wa kwanza kulitamka shtaka hilo ni Sauli mwenyewe. Sura ya 22 yatuonyesha ameketi Gibea chini ya mti, mkuki mkononi, watumishi wamesimama kumzunguka, naye anawalaumu Wabenyamini wenzake: je, huyo mwana wa Yese (yaani Daudi) atawapa ninyi mashamba na mizabibu, atawafanya wakuu wa maelfu na wa mamia, hata mkafanya njama juu yangu, wala asiwepo hata mmoja wa kunihurumia na kuniambia kwamba mwanangu amefanya agano naye? Sikiliza anavyohesabu: mashamba, mizabibu, vyeo. Kwake yeye uaminifu ni bidhaa inayonunuliwa kwa fadhila, na ndiyo maana hakuweza kumwelewa mwanawe, ambaye kwa urafiki ule hakupata shamba wala cheo, bali alikuwa akiupoteza ufalme ambao yeye ndiye aliyepaswa kuurithi.

Tena Yonathani hakuanza kwa kuficha. Katika sura ya 19 alimwendea baba yake waziwazi, akamkumbusha jinsi Daudi alivyoihatarisha roho yake alipompiga yule Mfilisti, Goliathi, na jinsi Sauli mwenyewe alivyofurahi siku ile. Sauli akaapa kwamba Daudi hatauawa, kiapo ambacho hakikudumu. Akamtetea mara ya pili mezani, katika siku za mwandamo wa mwezi, na safari hii mkuki ukarushwa kwake yeye, mwana. Ni baada ya hapo ndipo alipotoka kwenda shambani na kijana wake kurusha ile mishale ya ishara, ya kumwonya Daudi akimbie. Nakubali kwamba mezani alitumia udhuru wa kupanga, aliposema kuwa Daudi ameomba ruhusa ya kwenda Bethlehemu kwenye dhabihu ya ukoo, na sitaki kuupaka rangi udhuru huo.

Lakini waambieni wenzenu wasome taratibu sura ya 23. Yonathani alimfuata Daudi mwituni katika nyika ya Zifu, akamtia nguvu, akakiri kwamba Daudi ndiye atakayetawala, wakafanya agano. Kisha Daudi akabaki mwituni, naye Yonathani akaenda zake nyumbani. Wakati huo Daudi alikuwa na watu wapatao 600, na kujiunga nao kungekuwa jambo rahisi. Hakujiunga, wala hakuinua upanga juu ya baba yake, na Wafilisti walipokuja aliuawa katika mlima Gilboa siku moja na Sauli, pamoja na ndugu zake Abinadabu na Malkishua. Msaliti gani huyo, anayefia upande wa yule anayedaiwa kumsaliti? Alimnyima baba yake kitu kimoja tu, nacho ni roho ya mtu asiye na hatia.

SWALI: Doegi Mwedomi alimwambia mfalme wake, Sauli, aliyoyaona kwa macho yake. Kwa nini basi tunamhesabu kuwa mwovu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ni kweli kwamba Doegi hakutia chumvi. Alisema amemwona mwana wa Yese huko Nobu, na kwamba kuhani Ahimeleki alimwuliza Bwana kwa ajili yake, akampa vyakula na upanga wa Goliathi. Kasoro ni kwamba katika ushahidi huo halimo jambo lililokuwa muhimu kuliko yote: kuhani aliamini anamhudumia mtu aliyetumwa na mfalme, kwa sababu Daudi alikuwa amemdanganya hivyo. Angalieni pia kwamba Doegi alifunua kinywa baada ya mfalme kutaja mashamba na vyeo.

Ahimeleki alipoletwa alijibu kwa utulivu kwamba kati ya watumishi wote wa mfalme hakuna aliye mwaminifu kama Daudi, mkwe wa mfalme. Jibu hilo lilimgharimu uhai. Sauli akawaamuru askari walinzi wawaue makuhani, nao wakakataa kunyosha mikono yao. Hawakutoa hotuba wala hawakukimbia; walisimama palepale, silaha wanazo, amri wameisikia kutoka kinywani mwa mfalme, na hakuna aliyesogea. Majina yao hayakuandikwa. La Doegi limeandikwa: aliua siku ile watu 85 waliovaa naivera ya kitani, yaani vazi la kikuhani, kisha mji wa Nobu ukapigwa, wanaume kwa wanawake, watoto kwa wanyonyao, pamoja na ng'ombe, punda na kondoo. Mfalme aliyewaacha hai kondoo na ng'ombe wazuri wa Waamaleki, akakemewa na Samweli kwa ajili hiyo, hakumwachia hata punda mmoja kuhani wa nchi yake.

Abiathari mwana wa Ahimeleki aliponyoka, akamkimbilia Daudi, naye Daudi akamwambia kwamba alijua tangu siku ile kuwa Doegi angemwambia Sauli, na kwamba yeye Daudi ndiye aliyewaletea mauti watu wote wa nyumba ya baba yake Abiathari. Wahubiri wengi hukiruka kifungu hicho, nami sioni sababu.

SWALI: Watu wa Zifu walikuwa wa Yuda, kabila la Daudi. Kwa nini walimchongea kwa Sauli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Maandiko hayasemi, ila yaliyowapata watu wa Nobu yalikuwa yametokea sura moja tu kabla. Sauli aliwabariki Wazifu kwa kuwa wamemhurumia. Huruma aliyoililia pale chini ya mti aliipata kwa wachongezi.

SWALI: Je, Sauli alikuwa na mtu yeyote aliyekuwa mwaminifu kwake hadi mwisho? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Alikuwa nao, tena si mmoja. Mchukua silaha wake pale Gilboa aliogopa kumchoma bwana wake alipoombwa, kisha akauangukia upanga wake mwenyewe akafa pamoja naye. Daudi naye, badala ya kumwua Sauli pangoni Engedi, alimkata upindo wa vazi tu, na hata kwa kitambaa hicho moyo ukamchoma.

Wanaonigusa zaidi ni watu wa Yabesh-gileadi. Mwanzoni mwa utawala wake Sauli aliwaokoa mikononi mwa Nahashi Mwamoni, aliyetaka kung'oa jicho la kuume la kila mmoja wao. Waliposikia kwamba maiti yake imetundikwa ukutani Beth-shani, mashujaa wao walikwenda usiku kucha, wakaishusha pamoja na za wanawe, wakazichoma, wakaizika mifupa chini ya mti, wakafunga siku saba. Mfalme huyo hakuwa tena na shamba wala cheo cha kumpa mtu. Kwa Kiebrania mti wa Gibea na mti wa Yabeshi hutajwa kwa neno moja, eshel.

Mifupa hiyo haikubaki hapo. Miaka ilipopita, Rispa, suria wa Sauli, alitandika gunia juu ya mwamba akalinda maiti za watu saba wa nyumba ya Sauli, wawili kati yao wanawe mwenyewe, tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua iliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Daudi alipopata habari zake, alikwenda Yabeshi akaitwaa mifupa ya Sauli na ya Yonathani, nayo ikazikwa pamoja, ya baba na ya mwana, katika kaburi la Kishi, baba yake Sauli, huko Sela, nchi ya Benyamini.