Skochi iliyoniharibia riwaya ya baba

Juzi kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, alinitumia picha ya jalada la riwaya: "Yaya, hii ni toleo la kwanza, niombe dola elfu?" Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Mimi pia niliwahi kuota dola hizo.

Baba aliniachia *Entre les eaux* ya mwandishi Mudimbe, mtoto wa Likasi, nakala iliyochapwa Paris na Présence Africaine mwaka 1973. Jalada lilikuwa limeanza kuachia mgongoni. Mimi, fundi wa kila kitu, nikachukua skochi pana, ule utepe wa gundi, nikabandika toka juu hadi chini. Nikaandika na jina langu kwa biki ukurasa wa mbele, eti isiibiwe. Miaka miwili baadaye akaja mnunuzi kutoka Ubelgiji. Aliipindua, akakwaruza skochi kwa ukucha: imegeuka njano, gundi imekula karatasi. Akafungua, akaona biki. Akanirudishia, akaomba maji ya kunywa. Maji! Mpaka leo nikiona muuza vitabu ameshika skochi, roho inaniuma.

Sasa nisikilizeni, maana sisi watu wa hapa tukiona kitu kimezeeka mikono inawasha. Acha! Usibandike, usiandike, usikate. Na kabla ya kutaja bei, jua una nini. Riwaya za Kifaransa zianzie nyuma, kwenye maneno "achevé d'imprimer": hapo ndipo ilipo tarehe ya kuchapwa. Mwaka wa haki ya mwandishi, ule wenye alama ©, usikudanganye, hubaki uleule hata kitabu kikichapwa mara ya kumi. Vya Uingereza vingi vina mstari wa namba, kama 10 9 8 hadi 1, na 1 ikiwa bado ipo, ni chapa ya kwanza, una la kujivunia.

Halafu jina kubwa halitoshi. Harry Potter ya kwanza, ya 1997, ina bei ya kutisha kwa sababu nakala za jalada gumu zilikuwa kama 500 tu, na nyingi zilikwenda maktaba, zikagongwa mihuri na kuchakazwa na watoto. Zile za mwisho za mfululizo huo zilitoka kwa mamilioni siku ya kwanza. Hizo soma tu, ndugu yangu. Na nimesema usibandike?

Kijana wa Katuba, nitumie picha ya ukurasa wa mwisho, jalada nimeshaliona. Na hicho kitabu kiondoe juu ya friji, karibu na ile sufuria.