Hita ya oili kwa lori la Nairobi? Anza na betri

Kaka, umeuliza ununue hita gani ya oili, ile ya umeme ya kupasha moto oili ya injini, kwa sababu lori linasumbua kuwaka alfajiri hizi za Julai huko Dagoretti. Shika pesa zako kwanza. Baridi yetu ni nyuzi 10 hivi, na oili ya injini ya daraja la 15W-40 imepimwa iruhusu stata kuzungusha injini hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Hita hizo ni za watu wa Kanada.

Mwambie fundi apime betri stata ikizunguka: ya volti 12 ikishuka chini ya 9.6, imechoka. Acheki pia waya wa athi (ule unaounganisha betri na bodi ya lori), na plagi za hita, zinazopasha injini ya dizeli kabla ya kuwaka, kama injini inazo. Kisha hewa kwenye dizeli, ambayo wengi huisahau kabisa! Ukipampu dizeli kwa mkono na lori likawaka papo hapo, kuna paipu inayovuta hewa usiku. Itafute kabla hujauziwa pampu mpya ya dizeli.

Ukilazimika kununua hita, chukua ya kubandika kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), ya volti 240. Za Marekani ni 120, zitaungua kwa umeme wetu.