Simu ilisoma mnara wa Hotham: je, tuchore duara wapi?

SWALI: Naishi Melbourne na nimo kwenye kikundi cha watu sita tunaofuatilia habari za wapiga kambi wanaopotelea porini. Kabla ya kugusa kesi mpya tumeamua kujifunzia ile ya Bonde la Wonnangatta, huku Victoria, Australia, Machi 2020, kwa kuwa mengi yake yameshawekwa wazi. Wazee wawili, mwanamume na mwanamke wenye miaka zaidi ya sabini, walitoweka. Kambi ikakutwa imeungua na gari lao lipo. Baadaye simu ya yule mzee ikasoma mnara wa upande wa Mount Hotham. Tumechora duara la kilomita 35 kuuzunguka mnara, kwa ile hesabu ya hatua 63 za mita 550, na bonde limeangukia pembezoni kabisa. Wawili wetu wanashikilia kwamba simu haikutoka kambini, ilishika mtandao kwa mbali tu. Wengine wanasema wazee walitembea wakapotea. Je, duara letu ni sahihi? Na maeneo ambayo polisi walishayapekua, tuyafute kwenye ramani?

JIBU: Lifuteni duara kwanza, ramani tutairudia.

Mita 550 ni kipimo cha GSM, yaani 2G. Huko mtandao huiambia simu iwahi kurusha mawimbi kwa hatua, kuanzia 0 hadi 63, na kila hatua ni sawa na takriban mita 550 za umbali. Ndipo zinapotoka kilomita 35 zenu. Lakini kampuni ya mwisho nchini Australia ilizima 2G mwaka 2018, miaka miwili kabla ya wazee wale kutoweka. Simu ya Machi 2020 ilikuwa ama kwenye 3G ama kwenye 4G. Kwenye 4G hatua moja ni takriban mita 78, na mnara ukipangwa hivyo unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa kilomita 100. Huo ukingo wa kilomita 35 hauna kazi hapo.

Tena hata hizo hatua hamnazo. Rekodi ya kawaida ya simu, ile ambayo kampuni huitumia kutoza pesa, hubeba namba ya seli (sehemu ya mnara iliyoshika simu), saa ya kuanza, na urefu wa mazungumzo au kiasi cha data. Umbali haumo. Wahandisi wanaweza kuupata kwenye kumbukumbu za mitambo kama zingalipo, na hizo mtu wa nje hapewi. Mlichonacho ninyi ni jina la mahali uliposimama mnara, basi.

Angalieni kila taarifa inavyobadilisha ukubwa wa eneo. Duara la kilomita 35 lina zaidi ya kilomita za mraba 3,800. Mnara kwa kawaida una nyuso tatu, kila mmoja ukitazama digrii 120 hivi. Mkijua ni uso upi ulioshika simu, mnabaki na kama 1,280. Mkijua pia kwamba simu ilikuwa umbali wa kilomita 20, mnapata upinde wenye urefu wa kilomita 42. Upeni upana wa nusu kilomita, kwa sababu milimani mawimbi hugonga ubavu wa mlima kabla ya kufika na umbali husomeka mrefu kuliko ulivyo. Hapo mmeshuka hadi kilomita za mraba 21. Kutoka 3,800 hadi 21, na tofauti yote ni namba mbili ambazo mtu wa nje hazioni.

Badala ya duara, fanyeni hesabu ya mwonekano, yaani ni sehemu zipi antena inaziona bila kuzibwa na mlima. Pakueni data ya miinuko ya SRTM, ambayo ni ya bure na kila kisanduku chake ni kama mita 30, muifungue kwenye QGIS, programu ya ramani ya bure. Wekeni mnara mahali pake na urefu wa antena, tuseme mita 30 juu ya ardhi. Simu iwekeni mita 1.5. Washeni marekebisho ya mviringo wa dunia: kwenye kilomita 35 ardhi hujificha kwa takriban mita 70 hata ukishahesabu mawimbi yanavyopinda, na hapo ndipo ramani nyingi za mitandaoni huharibika, maana huonyesha mabonde yakiwa na mtandao ilhali hayana. Kumbukeni pia kuwa programu haioni miti. Msitu mzito hula mawimbi, hivyo chukulieni matokeo kuwa ni upeo wa juu, kisha yapunguzeni.

Mkimaliza mtaona tatizo la wale wenzenu wawili. Kutoka sakafu ya Wonnangatta hadi Hotham ni kama kilomita 35 hadi 40 kwa mstari wa ndege, na katikati kuna safu za milima. Simu iliyo juu ya mgongo wa mlima huweza kushika mnara wa mbali sana. Simu iliyo chini bondeni huweza kukosa hata mnara wa kilomita 5. Kwa hiyo simu ile ilikuwa imeondoka bondeni.

Lakini simu kuondoka si mtu kuondoka. Hapa ndipo kundi la pili nalo linateleza. Mzee alikuwa mpenzi wa redio za mawimbi mafupi (HF), na sauti yake ilisikika mara ya mwisho jioni ya Machi 20. Kesho yake wapiga kambi wengine wakaikuta kambi imeungua. Simu ikasoma mnara asubuhi ya Machi 22. Watu wa umri huo hawaachi gari zima wakakatiza milima kwa miguu hadi upande wa pili. Tafsiri nyepesi ni kwamba simu ilipanda gari. Polisi waliiweka saa ya mnara sambamba na kamera inayosoma namba za magari kwenye barabara ya Great Alpine, inayopita juu kabisa pale Hotham, na gari moja aina ya Nissan Patrol likaoana nayo. Novemba 2021 mwanamume mmoja alikamatwa na kushtakiwa, na mabaki ya miili yakapatikana porini kaskazini mwa mji mdogo wa Dargo. Ya mahakamani tuyaachie mahakama; cha kujifunza kwa swali lenu ni kwamba mnara peke yake haukutosha. Ulihitaji kitu cha pili chenye saa yake.

Na saa ni mtego. Mitambo mingi huandika kwa saa za dunia, UTC. Victoria mwezi Machi huwa bado kwenye saa za kiangazi, yaani UTC jumlisha 11. Saa hizo ziliisha Aprili 5, 2020, ikawa jumlisha 10. Mfano: rekodi ikisema Machi 21, 22:50 UTC, huko bondeni ni Machi 22, 09:50. Siku imeshabadilika! Na sisi Waswahili tunaongeza mtego wetu wenyewe: mmoja akiandika "saa 3:50 asubuhi" na mwingine akaiingiza kwenye jedwali kama 03:50, mmepoteza saa 6. Kwenye jedwali tumieni saa 24 peke yake, na safu mbili, moja ya UTC na moja ya saa za mahali.

Ukimya wa simu nao husomwa vibaya. Simu ikizimwa kwa kitufe huuaga mtandao, na mtandao huandika. Ikiingia bondeni, ikichomwa moto au betri ikiisha ghafla, haiagi. Mtandao huendelea kuidhani ipo mpaka muda wa kuripoti upite. Kwenye 4G muda huo kwa chaguo-msingi ni dakika 54, ingawa kila kampuni hujipangia. Kwa hiyo "saa ya mwisho kuonekana" ni saa ya mawasiliano ya mwisho. Simu yenyewe inaweza kuwa ilikufa dakika moja baadaye au ikakaa hai siku mbili bila mtandao, ikimaliza betri kwa kuutafuta.

Redio ya mawimbi mafupi msiihangaikie kwa ramani. Mawimbi yake huruka hadi tabaka la juu la anga na kurudi, hivyo aliyemsikia akiwa mbali mamia ya kilomita hawezi kusema alikuwa wapi. Inathibitisha sauti na saa.

Sasa swali la kufuta maeneo yaliyopekuliwa. Msifute hata moja.

Wapangaji wa msako hawasemi "tumepita hapo." Wanauliza: kama kitu kilikuwapo, tulikuwa na uwezekano gani wa kukiona? Hesabu yenyewe si ngumu. Chukueni watu 10, kila mmoja akitembea kilomita 4 kwenye kichaka kizito. Tuseme kwa kitu kile na uoto ule, upana wa kuona ni mita 20. Si umbali wa mwisho ambao jicho hufika, bali upana unaopatikana kwa kujaribu, baada ya kufidia vile vya karibu visivyoonwa kwa vile vya mbali vilivyoonwa. Wamefagia 10 × 4 × 0.02, yaani kilomita za mraba 0.8. Kipande chao kina kilomita za mraba 2. Gawanyeni: 0.4. Uwezekano wa kuona ni 1 − e^(−0.4), ambapo e ni kama 2.718, yaani asilimia 33. Kikosi cha watu kumi kimerudi kimechoka, miguu imechanika, na bado, kama kitu kilikuwapo, kuna theluthi mbili za uwezekano kwamba hakikuonwa. Hata mkifagia eneo linalolingana na ukubwa wa kipande chenyewe, mnapata asilimia 63 tu, kwa sababu watu porini hawatembei kwenye mistari ya rula.

Kisha msirudishe kipande kwenye sifuri, kipunguzeni. Kama kabla ya msako mlikipa asilimia 30 ya matumaini, na msako ulikuwa wa asilimia 33, hesabu ni 0.30 × 0.67 ÷ (1 − 0.30 × 0.33), inatoa kama asilimia 22. Vipande vingine vyote hupanda kidogo kufidia. Na wekeni daima kipande kimoja cha "nje ya ramani." Kila msako usiopata kitu hukinenepesha hicho. Kwenye kesi ya Wonnangatta, hicho ndicho kilichokuwa na jibu: mabaki hayakuwa kwenye bonde walilopotelea. Kikundi ambacho hakikuweka kipande hicho tangu mwanzo huendelea kuchimba palepale, huku kila matokeo matupu yakikazia dhana ileile.

Upana wa kuona hubadilika kwa kila kitu. Hema jekundu si sawa na simu nyeusi, na mtu anayeitikia akiitwa si sawa na asiyeweza. Mkisoma kwamba helikopta ilipita, ulizeni ilikuwa ikitafuta nini. Kamera ya joto haioni kilichopoa, na chini ya majani mazito haioni sana hata chenye joto.

Picha za setilaiti za moto zina kisanduku cha mita 375 kwa zile zenye macho makali. Moto wa hema uliowaka na kuzimika kati ya mapito mawili hautaonekana. Kutoonekana huko si ushahidi wa lolote.

Kosa jingine dogo lenye hasara kubwa ni namba za ramani. 37°12.5′ ikiingizwa kama 37.125 badala ya 37.208 inawahamisha zaidi ya kilomita 9. Na ramani za zamani za Australia zilizochorwa kwa kipimo cha AGD66 hupishana na GPS ya leo kwa kama mita 200, ambayo kwenye korongo ni ng'ambo nyingine ya mto.

Kuhusu watu: tengenezeni jedwali la vitu, saa na mahali, bila safu ya majina. Kwenye kesi hii hii mkaaji mmoja wa milimani, mzoefu wa pori na mpenda upweke, alibandikwa jina la utani mitandaoni na kufanywa mshukiwa wa nchi nzima. Aliyekamatwa hakuwa yeye. Hakuna aliyekuwa na saa wala namba ya gari dhidi yake. Kulikuwa na hadithi za kutisha za wapiga kambi tu.

Mnachoweza kuwa nacho ambacho polisi hawana ni picha. Mtu aliyepita njia hizo siku zile anaweza kuwa na gari la mwingine kwenye kona ya fremu bila kujua. Mkimpata, mwambieni asitume kwa WhatsApp, kwa sababu hufuta data za saa na mahali zilizomo ndani ya picha. Achomoe kadi ya kamera mara moja. Kamera za kwenye kioo cha gari hujifuta zenyewe kadi ikijaa. Afungie kadi kwenye bahasha, kisha apige picha saa ya kamera ikiwa kando ya saa ya simu, ili tofauti ya dakika ijulikane. Huko Victoria apige Crime Stoppers, 1800 333 000, na kadi yenyewe aishike mpaka ofisa aje kuichukua kwa maandishi.