Kabla Hujanunua Manukato ya Gari, Inua Kapeti

Wiki iliyopita nimeuza gari langu, Toyota IST. Nilitangaza Jumanne jioni, Alhamisi saa nne asubuhi hela ilikuwa imeshaingia. Mnunuzi alikuja na fundi wake, kijana makini, akalizunguka gari mara tatu akigonga bodi kwa kifundo cha kidole, akainama kuangalia chini, akafungua milango yote minne na kupitisha kidole kwenye kingo za chini kutafuta kutu. Mwisho akaniuliza, "Dada, hili umelipiga rangi lini?" Nikamwambia halijawahi kupigwa rangi tangu lishuke bandarini. Hakuamini mpaka alipofungua boneti akalinganisha rangi ya ndani na ya nje.

Nililinunua mkononi mwaka 2019 kwa shilingi milioni 9.5. Nimelitembelea miaka yote hii, limeondoka kwa milioni 8.2. Najivunia, na sioni sababu ya kuficha.

Siku hiyohiyo nikapata ujumbe wa msomaji aliyeko Tanga. "Shikamoo dada. Nimenunua Spacio mkononi, huu mwezi wa pili. Ndani linanuka unyevu, hasa nikiwasha AC. Nimeshabadilisha manukato mara nne. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, marahaba. Nitakujibu, lakini vumilia nianze mbali kidogo, kwa sababu hayo yote yamenipata mimi, na hakuna aliyenieleza mapema.

Gari langu la kwanza lilikuwa Vitz namba C, nyekundu, niliyoinunua mwaka 2014 kwa milioni 6 nilizodunduliza kwenye vikoba. Aliyewahi kutoka Kigamboni kila siku ya kazi kwa daladala, akasukumana kwenye pantoni, kisha akatembea kutoka Feri mpaka Posta na viatu mkononi wakati wa mvua, ataelewa nililipenda kiasi gani. Nililiosha kila siku. Kulikuwa na vijana jirani na nyumbani, shilingi 3,000 kwa gari dogo, na utaratibu wao ulikuwa mmoja: ndoo moja, sabuni ya unga ya kufulia, na kitambaa kilichotoka kwenye fulana kuukuu. Kitambaa kinaanza kwenye tairi, kinapanda mlangoni, kinamalizia kwenye boneti. Kila chembe ya mchanga iliyotoka kwenye tairi ilisuguliwa juu ya rangi yangu, nami nimesimama pembeni nafurahia povu.

Mwaka wa pili boneti ikapauka, nyekundu ikawa kama maji ya rozela. Kisha klia, lile tabaka jembamba la juu lisilo na rangi, ikaanza kubambuka kama ganda la kitunguu. Leo najua sababu. Sabuni ya kufulia imetengenezwa iondoe mafuta kwenye nguo, na nta inayolinda rangi ya gari ni jamii ya mafuta. Unaiosha leo, unaiosha kesho, mwisho inabaki klia peke yake na jua la Dar es Salaam. Kazini nilikuwa naegesha chini ya mkungu, nikidhani kivuli ni hisani, kumbe ule mti ni makao ya kunguru. Kinyesi chao kikikauka juani kwa saa chache kinaila klia, kinaacha alama ya duara ambayo hakuna sabuni itakayoitoa. Halafu hewa ya bahari, chumvi inatua kwenye gari usiku kucha wewe umelala.

Nikaenda kwa fundi rangi wa barabarani. Puti, msasa, rangi, siku nne. Boneti ikatoka nyekundu ya aina yake, milango nyekundu ya aina nyingine. Nilipotaka kuuza mwaka 2017, dalali alilitazama sekunde mbili tu akasema mbele ya mteja, "Hili lina ajali." Nikaapa sijawahi kugonga hata ukuta. Mteja akaniangalia kama mwongo. Gari la milioni 6 likaondoka kwa milioni 2.8. Fedha nilishazisahau, lakini macho ya yule mteja bado nayaona.

Ndiyo maana nawasihi: msikimbilie kupiga rangi. Mnunuzi wa mjini akiona rangi mpya kwenye gari la zamani, kitu cha kwanza anachofikiria ni ajali. Rangi ya kiwandani iliyofifia kidogo ina thamani kuliko rangi mpya ya gereji. Ilinde hiyohiyo uliyonayo.

IST nilipoipata nilikuwa nimeshajifunza mambo ya nje. Kabla ya kulipa nilimwomba fundi alinyanyue gari tutazame chini, kwa sababu magari ya kaskazini mwa Japani, Hokkaido kwa mfano, hupita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyusha theluji, na kutu yake huanzia chini ambako hakuna anayetazama. Chini palikuwa pasafi. Ndani sikutazama kabisa. Siti zilikuwa zinang'aa, dashibodi inang'aa, nikaridhika.

Masika ya 2020 ndipo harufu ilipoanza. Mwanzo ni asubuhi tu, nikifungua mlango. Baadaye kila nikiwasha AC. Nikanunua manukato ya kuning'iniza kwenye kioo, nikanunua ya kupuliza, nikanunua ya kopo la kuweka chini ya siti. Yakachanganyika na ile harufu, ikawa mbaya zaidi. Mwanangu akawa anapiga chafya kutoka nyumbani mpaka shuleni. Siku moja nimewabeba ndugu wa mume kwenda kwenye kicheni pati, wamevaa sare zao wamependeza, wifi yangu mkubwa akasema kwa sauti, "Wifi, humu ndani ulibeba dagaa?" Wote wakacheka. Nikacheka nao. Niliporudi nyumbani usiku nilibaki garini, taa nimezima, nikalia.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi wa AC. Sikupata hata kumaliza kueleza. Alifungua mlango wa abiria wa mbele, akatoa mpira wa kukanyagia, akaniambia, "Mwanangu, vua kiatu. Kanyaga hapo, bonyeza." Nikabonyeza kapeti kwa mguu mtupu. Juu lilikuwa kavu kabisa. Nikabonyeza tena kwa nguvu, maji ya baridi yakapanda katikati ya vidole vyangu.

Akanieleza kwa lugha ambayo hata mtoto angeelewa. AC ikifanya kazi inakamua unyevu kutoka kwenye hewa, na maji hayo yanatakiwa kutoka kwa kibomba cha mpira na kudondoka chini ya gari. Kile kidimbwi unachokiona chini ya gari lililosimama AC ikiwa imewaka ndicho hicho, na ni dalili ya afya. Kibomba kikiziba, maji hayana pa kwenda ila ndani. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia, boksi la AC kwa kawaida liko upande wa abiria, ndiyo maana kapeti la abiria ndilo linaloloa na la dereva linabaki kavu. Kibomba changu kilikuwa kimezibwa na udongo wa nyigu. Alikizibua taratibu kwa waya laini, akapuliza upepo wa kompresa, yakamwagika maji ya rangi ya chai, mengi, yakanuka mpaka tukasogea.

Kisha tukatoa siti za mbele. Kila moja imeshikwa na bolti nne. (Alitoa kwanza waya wa betri, kwa sababu chini ya siti hupita nyaya za mikanda na eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga. Usiruke hatua hiyo.) Kapeti likainuliwa. Chini yake kuna sponji nene, na sponji ile ilikuwa nyeusi, ina utelezi, unaikamua kama dekio. Tuliiosha kwa maji na siki, tukaianika. Siku ya kwanza juu ilikauka, ndani bado. Ilichukua siku tatu za jua kali. Nyuma ya droo ya mbele ya abiria akatoa chujio la AC: majani ya mwarobaini, manyoya ya ndege, vumbi limegandamana kama blanketi. Tukaweka jipya. Harufu haikurudi tena mpaka siku nilipomkabidhi mnunuzi funguo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Manukato hayasafishi gari. Harufu ya unyevu ina chanzo chake, na chanzo chake ni maji. Usipoyafuata maji utanunua manukato mpaka mshahara uishe. Inua kapeti. Kama AC inapoza vizuri lakini chini ya gari hakuna tone, inua kapeti. Kama kioo cha mbele kina ukungu kwa ndani kila asubuhi, inua kapeti. Na mnaobakiza nailoni za dukani juu ya siti miaka miwili ili zisichafuke, zitoeni leo. Jasho na unyevu vinaingia chini ya nailoni na havitoki, siti inaozea ndani ya mfuko.

Siti za kitambaa hazihitaji ndoo ya maji. Zinahitaji kifyonza vumbi kwanza, kisha brashi laini na povu kidogo, kisha kitambaa kikavu, milango wazi kivulini mpaka jioni. Ukizilowesha chapachapa umejitengenezea tatizo lilelile la sponji. Samaki wa soko la Feri wabebwe kwenye ndoo yenye mfuniko, basi.

Dashibodi msiipake yale mafuta ya kung'arisha. Yanavuta vumbi, na mchana yanamulika kwenye kioo cha mbele unashindwa kuona barabara. Kitambaa chenye unyevu kinatosha, na kizuia jua cha kukunjua nyuma ya kioo kila unapoegesha. Changu nilikinunua kwa watembeza bidhaa kwenye foleni, na dashibodi yangu imeondoka bila ufa hata mmoja.

Kwa nje nilikuwa naosha mwenyewe, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla bodi haijapata moto. Ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka kwenye gari. Unaanza na kumwagia maji mengi ili mchanga uondoke wenyewe kabla hujagusa kitu, kisha unaosha kuanzia juu kushuka chini, na tairi zina kitambaa chao ambacho hakigusi bodi kamwe. Kitambaa kikianguka chini, hakirudi kwenye rangi. Kama huna shampuu, osha kwa maji matupu. Ni afadhali mara mia kuliko sabuni ya kufulia.

Sisi wa Kigamboni tuna mtihani mwingine: maji ya visima yenye chumvi. Yakikaukia kwenye gari yanaacha madoa meupe, na ukirudia miezi sita madoa hayatoki. Mimi nilikuwa nakinga maji ya mvua kwenye simtanki dogo kwa ajili ya kusuuzia mara ya mwisho tu, kisha nafuta papo hapo kwa taulo la maikrofaiba. Na usisahau chini ya gari, hasa kama unavuka na pantoni au unaegesha karibu na ufukwe. Chini ya kila mlango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Chukua kijiti cha kibiriti uvizibue. Tope likiziba pale, mlango unaoza kuanzia ndani na wewe unaendelea kung'arisha nje. Yule fundi wa mnunuzi alipopitisha kidole pale, nilijua anachokitafuta, na nilijua hatakipata.

Nta nilikuwa napaka kila baada ya miezi mitatu. Huhitaji kalenda. Mwagia maji kwenye boneti: yakijikusanya matone na kuteleza kama umande kwenye jani la gimbi, nta ipo. Yakitandaa na kulala, imekwisha, paka tena. Kinyesi cha ndege kitoe siku hiyohiyo kwa kitambaa chenye maji mengi, kiloweshe kwanza, usikikwangue.

Taa zilizogeuka njano, dawa ya meno itakufurahisha wiki mbili. Zile ni plastiki, na kinga yake ya kiwandani imeshaliwa na jua. Zipigwe msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha polishi, halafu lazima zipakwe kinga mpya. Bila kinga zitarudi njano, na msasa hauwezi kurudiwa kila mwaka.

Injini usiruhusu kumwagiwa maji ya presha. Vitz yangu ilioshwa hivyo siku moja ikaanza kumisi palepale, maji yameingia kwenye mashimo ya plagi, nikalipia koili mbili. Brashi kavu na kitambaa chenye unyevu, injini ikiwa imepoa.

Najua wapo watakaosema hawana muda. Jumamosi yangu ilinichukua saa moja na nusu. Rangi ya gari zima inakuchukua gari siku nne na laki kadhaa, na bado dalali anakuita muongo. Hesabu mwenyewe.

Yule mdogo wangu wa Tanga nilimwambia jambo moja tu kwa simu: vua kiatu, kanyaga upande wa abiria. Hakujibu saa nzima. Juzi usiku akanitumia picha: kapeti limetandazwa juu ya ukuta wa uani, sponji imeegemezwa pembeni, na kwenye kopo la bati kuna uchafu uliotoka kwenye kibomba. Ananiuliza kama anaweza kulirudisha kesho yake, maana juu limeshakauka. Nimemwambia aikamue sponji katikati, kwenye sehemu nene zaidi, na kama kiganja kikipata ubaridi wowote, asiirudishe.