Je, watu wa Zama za Kati hawakuoga?

Hapana, madai kwamba watu wa Ulaya wa Zama za Kati (takriban karne ya 5 hadi ya 15) hawakuoga yametiwa chumvi. Jijini Paris, katika karne ya 13, nyumba za kuogea zilikuwa na kanuni zake, na mojawapo ilikataza kunadi mitaani kwamba maji yako tayari kabla hakujapambazuka. Uogaji ulipungua hasa katika karne ya 16, madaktari waliposhikilia kwamba maji ya moto hufungua matundu ya ngozi na kupitisha hewa ya tauni, ndipo mwenye uwezo akajihesabu msafi kwa kubadilisha shati la kitani. Chawa hawakujali shati: vitana vilivyoopolewa kutoka Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama mwaka 1545, vilikutwa na mabaki yao.