Maswali na majibu: Mwanamke wa mbio ndefu na mazoezi ya joto

Nafanya mazoezi Iten na nimejiandikisha kukimbia marathoni Mombasa. Kocha anataka nishuke siku nne kabla. Je, zinatosha?

Hazitoshi. Iten, iliyo takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hukuzoesha hewa nyepesi, lakini asubuhi zake za baridi hazikuandai kwa joto. Mwili unaokutana na joto kila siku huanza kwa kuongeza sehemu ya maji katika damu, hivyo moyo hudunda polepole kuliko awali kwa mwendo uleule. Kisha jasho huanza kutoka mapema, huongezeka na hupungua chumvi. Mabadiliko hayo huhitaji siku 10 hadi 14. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba siku tano, ambazo humpa mwanamume nafuu ya kuonekana, kwa mwanamke mara nyingi ni chache mno. Tafiti nyingi za zamani zilipima wanaume, nami nadhani ratiba za makocha wetu bado zinafuata vipimo vyao.

Shuka wiki mbili kabla. Siku za kwanza kimbia nusu saa tu, ukiangalia mapigo ya moyo badala ya kasi, kisha ongeza hadi saa moja au zaidi kidogo. Mazoezi makali yafanye alfajiri. Ni muhimu kujizoeza pwani kwenyewe, kwa sababu hewa yenye unyevu mwingi huzuia jasho kukauka, na jasho linalodondoka chini bila kukauka halikupozi. Mjini Doha, usiku wa tarehe 27 Septemba 2019, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza karibu kabisa na saa sita usiku ili kukwepa jua, lakini unyevu ulizidi asilimia 70, na kati ya wanariadha 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43, ilhali Januari mwaka huohuo alikuwa amekimbia Dubai kwa saa 2:17:08.

Kazini sipewi ruhusa ya wiki mbili. Naweza kujizoesha nikiwa huku kwenye baridi?

Unaweza, kwa kiasi. Ukimaliza kukimbia, keti dakika 20 hadi 40 katika sauna, yaani chumba chenye joto kali, au katika maji ya nyuzi 40 hivi, siku nyingi mfululizo, ukiwa na mtu karibu, na utoke mara tu kichwa kinapozunguka. Wengine hukimbia wakiwa wamevaa jaketi mbili. Njia hiyo husaidia, ila haifai kwa mazoezi ya kasi. Usiache zaidi ya siku chache zipite kati ya zoezi la mwisho na mashindano, kwani faida hiyo hupotea mapema.

Je, mzunguko wa hedhi hubadilisha namna ninavyostahimili joto?

Baada ya yai kupevuka, homoni ya projesteroni hupandisha joto la mwili kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5, na jasho huchelewa kidogo kuanza. Tofauti hiyo ipo, lakini kwa maoni yangu ni ndogo ikilinganishwa na ile iliyopo kati ya aliyezoea joto na asiyezoea, kwa hiyo usijitoe katika mashindano kwa ajili yake. Andika tarehe zako katika daftari la mazoezi, ili siku moyo unapokwenda mbio kuliko kawaida usidhani kuwa umedhoofika. Hedhi ikikoma kabisa, hilo ni jambo jingine: mara nyingi ni dalili kwamba chakula hakitoshi kwa kazi unayofanya, nawe unapaswa kumwona daktari, hata kama kambini wanalichukulia kuwa ishara ya kuiva kimazoezi.

Ninywe maji kiasi gani?

Jipime uzito kabla na baada ya kukimbia. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho. Ukikuta uzito umeongezeka, umekunywa kupita kiasi, na maji hayo huzimua chumvi ya damu hadi mtu akaumwa kichwa, akatapika au akachanganyikiwa. Walio hatarini zaidi ni wenye miili midogo wanaokimbia polepole na kunywa katika kila kituo, na wengi wao ni wanawake. Kunywa unapohisi kiu.

Nina mimba ya miezi miwili. Niendelee na sauna?

Hapana. Joto kubwa la mwili katika miezi ya mwanzo linaweza kumdhuru mtoto. Kimbia asubuhi kukiwa na ubaridi, kwa ushauri wa mkunga au daktari wako.